Mjozi wa Pande Mbili

Bi Fazi hakwenda kwa mwoka mikate asubuhi ile kutafuta ugomvi. Alikwenda kununua mikate minne, kama kawaida yake, na ugomvi akaukuta pale pale kwenye foleni, umevaa kanzu ya sufu na kikapu cha makaa ya kujipashia moto kimejificha chini ya kanzu, jina lake Sultan, mume wa wifi yake.

Theluji ilikuwa imeanza kuyeyuka juu ya mapaa ya kijiji cha Dunagam, na watu waliofungiwa ndani miezi mitatu walikuwa na maneno ya miezi mitatu. Dukani kwa Samad mwoka mikate ndiko maneno hayo yanakotemwa. Ukitaka habari yako iwafikie wote kabla jua halijapanda, unaisema pale, taratibu, kama mtu anayejisemea, huku ukingoja mkate wako utoke tanurini.

"Fundi wa nakshi wa mjini amekubali," Sultan alikuwa akisema, taratibu. "Tumpe gogo la mjozi wetu, naye atatuchongea sanduku la arusi la binti yetu Dilshada, maua pande zote nne. Mti wenyewe una kazi gani siku hizi? Kumwaga majani tu."

"Mjozi wetu?" Fazi akauliza nyuma yake. "Wetu sisi na nani, shemeji?"

Foleni nzima ikageuka, maana hakuna asiyeijua habari ya mti ule. Baba mkwe wa Fazi alikuwa na watoto wawili tu, Aziz na Mughli. Aziz alimwoa Fazi. Mughli naye, kwa kuwa mzee hakuweza kuvumilia bintiye aondoke, aliletewa mume nyumbani, na mume huyo ndiye Sultan, aliyekuja na godoro lake akakaa moja kwa moja. Mzee alipogawa mali, ua akaugawa kwa ukuta mfupi wa mawe na shamba kwa mfereji, lakini mjozi mkubwa uliosimama katikati haukukubali ukuta. Basi akapitisha mkono hewani: matawi yanayotazama mlima ni ya Aziz, yanayotazama mto ni ya Mughli. Tangu siku hiyo hakuna aliyegusa hata jani la upande wa mwenzake.

Na sasa kwa miaka miwili hapakuwa na jozi za kugusa. Zilikuwa zikitunga vizuri, kijani kibichi, zikinenepa, halafu ukiingia mwezi wa sita zinaanza kudondoka, pu, pu, pu, changa, kila moja na kitundu chake cheusi. Ukiipasua hukuti ile nyama nyeupe iliyokunjamana ndani ya kokwa. Unakuta uji mweusi, na funza mmoja mnene aliyeshiba. Mavuno ya mwaka jana Fazi aliyabeba yote kwenye upindo wa kanzu.

"Pande mbili, sawa, sibishi," alisema Sultan. "Ndiyo maana tunangoja dole gumba lako. Ofisi haitoi ruhusa ya kukata mjozi mpaka wenyewe wote watie dole. Wewe tia, shemeji, tumalize. Mti ule umekufa, ila hajapatikana wa kuulaza."

Neno hilo lilimchoma Fazi. Kila mwezi wa tisa Aziz mume wake aliukwea mti ule bila viatu, ufito mrefu mkononi, akipiga matawi na kumtania mkewe huku chini: jikinge kichwa, bibi arusi. Alimwita bibi arusi mpaka wakafika miaka sitini. Sasa Aziz ana miaka minne kaburini, na Fazi, pamoja na maneno yake yote mbele za watu, kuna mambo alikuwa akiuambia mti ule tu na si mtu mwingine. Kwa kuwa hakuwa tayari kulia mbele ya mikate, akakasirika.

"Nisikilizeni," akasema. "Samad, acha tanuri lako nawe usikie. Siku ya kupiga jozi, mwezi wa tisa, upande wangu peke yake utajaza sufuria la shaba la arusi. Mpaka mdomoni. Usipojaza, natia dole gumba pale pale, na shoka nawashikia mimi mwenyewe."

"Sufuria lipi?" mtu mmoja akauliza. "Lile la kijiji? La wali wa watu mia?"

"Kwani kijiji kina mangapi?"

Samad alichovya kidole kwenye unga uliolowa maji, akapiga alama ukutani juu ya tanuri. "Haifutwi hii mpaka mwezi wa tisa," akasema, na alionekana amefurahi, kama mtu aliyepata kitu cha kuzungumza miezi sita. Sultan alifurahi zaidi. Fazi alichukua mikate yake akaenda zake, na njia nzima alikuwa akiutukana ulimi wake kimoyomoyo, maana alijua wazi kwamba ameuza mti wa Aziz kwa hasira.

Sasa, nani aliyeuharibu mti? Fazi alikuwa na jibu tangu zamani: jicho la Mughli. Mwaka ule wa mavuno ya mwisho, Mughli alisimama chini ya mti akasema, "Wifi, upande wako umezaa kuliko wangu," na mashallah hakusema. Mwaka uliofuata jozi zikaanza kudondoka. Fazi akachukua kiatu chakavu cha Aziz akakitundika kwenye tawi kuzuia kijicho, na kiatu, kwa bahati au kwa makusudi, kikatazama dirisha la Mughli. Mughli alipokiona akafunga dirisha, akafunga na mdomo. Mawifi hawa waliozoea kunywa chai ya chumvi kwa kupokezana kikombe, sasa hawakusemeshana ila kwa kupitia kuku.

"Wewe kuku," Mughli husema upande wake, "mwambie aliyekufuga akufunze adabu."

"Kuku wangu," hujibu Fazi upande wake, "usile huko, watakuhesabia."

Haya ndiyo maisha waliyoishi wanawake wawili wazima kwa miaka miwili, na usidhani waliona aibu.

Fazi alikuwa na jambo moja alilosifiwa na kijiji kizima, nalo ni rangi. Sufu yake ya kahawia haikufifia hata ufue miaka kumi, na rangi hiyo aliitoa kwenye maganda mabichi ya jozi. Hakutupa kitu cha mjozi, mwiko. Hata zile changa zilizodondoka alizikusanya moja moja akazilundika kwenye kibanda kilichoegemea shina, kimeezekwa nusu tu, akazifunika majani makavu zivunde polepole ziwe nyeusi. Na lundo lile lilikuwa na baraka ya ajabu. Leo anaweka kapu moja, kesho anakuta kama mawili. Fazi alimshukuru Mungu, aliyemnyima jozi akampa rangi.

Mwezi wa tano, mti ukiwa umetoa majani na jozi zimetunga kama zabibu, aliingia kibandani kuchota masalio ya mwaka jana. Akafunua majani makavu. Lundo likatikisika.

Mwanzo alidhani ni macho yake. Akainama. Walikuwa wadudu, weusi, warefu kama punje mbili za mchele, kila mmoja na pua ndefu iliyopinda mbele ya uso. Fukusi. Fazi aliwajua fukusi wa unga na wa mchele, lakini hawa walikuwa wazee wa ukoo. Akamchukua mmoja kiganjani. Mdudu akakunja miguu, akabingirika chali, akafa.

"Mungu akurehemu," akasema Fazi, akamweka ukutani.

Punde maiti akanyoosha mguu mmoja. Akatulia, akasikiliza. Akanyoosha wa pili. Kisha akasimama, akajipangusa pua, akashika njia moja kwa moja mpaka kwenye shina la mjozi akaanza kupanda. Fazi akamfuata kwa macho na hapo ndipo alipowaona wengine, mmoja nyuma ya mwingine kwenye magome, kama foleni ya kwa Samad. Kwenye tawi la chini mmoja alikuwa amekwisha kufika. Amechomeka pua kwenye jozi changa, anatoboa. Alipomaliza akageuka, akaliweka tako lake pale kwenye kitundu, akataga.

Fazi alikaa chini juu ya kuni. Miaka miwili amemsema Mughli dukani, mtoni na msibani, na miaka miwili hiyo hiyo wachawi wenyewe alikuwa nao yeye kibandani, amewalaza mahali pakavu, amewafunika vizuri wasipigwe na baridi ya theluji. Hata marehemu Aziz hakuwahi kufunikwa vile.

Lundo alilimwagia maji ya moto siku ile ile, masufuria tisa. Lakini walio juu ya mti walikuwa juu ya mti. Ilibidi waangushwe, na fukusi hajui mambo ya urithi. Ukimfukuza upande wa mlima anahamia upande wa mto, na upande wa mto Fazi hana ruhusa ya kugusa jani. Akinyamaza, aibu yake inabaki siri na mti unakatwa. Akisema, Mughli atamcheka mpaka kiama. Alilipima jambo hilo siku mbili nzima, hakula vizuri. Siku ya tatu alisikia pu, jozi ya kwanza ikadondoka kabla hata ya wakati wake. Akajipiga moyo konde, akafunga fukusi wanane ndani ya kitambaa cha mkate, akauzunguka ukuta.

Mughli alikuwa mbele ya samova ya kuchemshia chai. Hakugeuka. "Kuku wako hawapo huku."

"Sikuja kwa ajili ya kuku. Nimekuja mwenyewe." Fazi akakaa mkekani bila kukaribishwa, akakifungua kitambaa mbele yake. Fukusi wanane, chali, miguu imekunjwa. "Hilo ndilo jicho lako, wifi. Hawa ndio wanaotoboa jozi. Na mimi ndiye niliyewafuga, kwenye lundo langu la rangi, miaka miwili. Nilisema ni wewe. Nilimwambia kila mwenye masikio. Haya, cheka."

Mughli hakucheka, na hilo lilimtisha Fazi kuliko kicheko. Aliwatazama wale wadudu, akautazama ukuta, na shingo ikaanza kumwiva kwa aibu.

"Lile lundo lako," akasema polepole. "Lilikuwa linaongezeka lenyewe?"

"Lina baraka. Kila mtu anajua."

"Baraka ni mimi, Fazi."

"Wewe vipi?"

"Kila ukienda mtoni kuteka maji, mimi nazoa zilizodondoka upande wangu, nakutupia kibandani kwako, juu ya ukuta. Makapu na makapu. Nilijua umeziroga wewe, na kile kiatu chako. Nikasema mzigo na umrudie mwenyewe."

Walitazamana. Halafu kule kitambaani maiti mmoja akanyoosha mguu, na mwingine, na msiba mzima ukainuka ukaanza kutembea kuelekea kwenye mkate wa Mughli. Hapo ndipo kicheko kilipowatoka. Walicheka mpaka Mughli akashika ubavu, mpaka Fazi akalazimika kuegemea ukuta, mpaka Dilshada akaja mbio kutoka chumbani akidhani mama yake analia. Wakinyamaza, mmoja anasema "baraka", wanaanza upya. Sultan aliporudi kutoka msikitini aliwakuta wanakunywa chai kwa kupokezana kikombe, na fukusi wanane wamefunikwa na bakuli.

Alielezwa. Akaelewa upesi, kwa sababu hakuwa mjinga. "Kwa hiyo tumsaidie ashinde," akasema, "halafu binti yetu aolewe bila sanduku?"

"Ashinde asishinde ni kazi ya sufuria," alisema Mughli. "Wewe shika ufito."

Kazi yenyewe ni ya alfajiri, kabla jua halijawachangamsha wadudu. Mughli alitoa vile vitambaa virefu vyeupe vya kutandikia chakula cha arusi, vikatandikwa pande zote mbili za mti. Sultan akapanda ukutani, akapiga tawi la kwanza kwa ufito uliofungwa matambara. Ikanyesha mvua ya fukusi. Walidondoka kwa mamia, tiki tiki tiki juu ya kitambaa, wote chali, wote marehemu. Pigo la pili lilikishusha kiatu cha Aziz, kikampata Sultan utosini.

"Huyo shemeji yako anakusalimu," alisema Fazi.

Sultan akasugua kichwa, akashuka, akawatazama wale wadudu wasiojitikisa hata kidogo. "Hawa wamekwisha," akatoa hukumu. "Tukanywe chai kwanza."

Mawifi walikuwa wamekwisha kuingia ndani kuchemsha maji, hawakumsikia. Waliporudi vitambaa vilikuwa vyeupe pe, Sultan amekaa juu ya jiwe na kikombe chake, na nusu ya marehemu wako kwenye shina wanarudi kwao. Habari hiyo ilifika kwa Samad kabla mikate haijaiva. Kesho yake alfajiri walikuja majirani kumi na wawili kujionea, na kwa kuwa walikwisha kuja, wakapewa kila mmoja bakuli la maji ya moto. Ikawa mchezo. Watu walishindana nani amezoa wengi, walitiana fukusi kwenye kola, na kila aliyemaliza kazi akipita mbele ya Sultan alimwambia kwa upole, "Mzee, hawa wamekwisha?" Jozi zilizodondoka hazikulala chini hata siku moja. Ziliokotwa pande zote mbili, zikachemshwa, na Fazi akapata rangi yake humo humo, tena nzuri zaidi.

Mwezi wa sita ukapita. Jozi zilidondoka, lakini kwa kuhesabika. Mwezi wa saba Fazi aliinua macho akaona matawi yameinama, akaogopa hata kusema mashallah kwa sauti.

Siku ya kupiga jozi sufuria la arusi lilibebwa na wanaume wanne, likawekwa chini ya matawi yanayotazama mlima. Samad alikuja na unga mikononi. Sultan alikwea bila viatu, hakuna aliyemwomba, na kutoka juu akapaza sauti, "Jikinge kichwa, shemeji." Fazi akajifanya anafunga kilemba vizuri, akajifuta macho humo humo. Wanawake walikaa kuanzia asubuhi wakimenya yale maganda ya kijani, mikono ikageuka myeusi mpaka kwenye vifundo, na jozi safi zikawa zinaingia sufuriani zikilia kama mawe ya mtoni. Nusu. Robo tatu. Kisha ufito ukapita kwenye tawi la mwisho, na hakikuanguka kitu ila majani.

Palibaki shubiri moja kufika mdomoni. Upande wa mlima ndio uliokaa juu ya kile kibanda, na ndio ulioliwa zaidi. Sultan alishuka, na badala ya kufurahi akawa anatazama vidole vya miguu yake.

Fazi alisimama. Akautazama mti mara moja, shina mpaka kilele, kisha akanyoosha dole gumba, jeusi tititi kwa maji ya jozi. "Nilisema mbele ya watu," akasema. "Leteni hiyo karatasi. Hata wino hauhitajiki."

Kitu kikamgonga begani, kikadondokea sufuriani. Jozi. Ikafuata ya pili, kisha konzi nzima, kisha kapu zima likamiminika juu ya ukuta, na nyuma ya kapu akaonekana Mughli, kilemba kimekaa upande, ameshika kapu jingine.

"Bi Mughli," alisema Samad, "makubaliano yalikuwa upande wake peke yake. Nimepiga alama."

"Miaka miwili nimemtupia mbovu, hamkusema kitu," alijibu Mughli, akamimina. "Leo namtupia nzima, ndiyo mnaniletea sheria?"

Jozi zilifika mdomoni, zikapita, zikaanza kubingirika ardhini.

"Na sanduku?" Sultan akauliza, lakini kwa sauti ya mtu anayetaka kujibiwa tu.

"Atachukua langu," alisema Mughli. "Nililetewa la nakshi pande zote nne, na wewe ukahamia kwangu, halikuwahi kuvuka kizingiti. Miaka thelathini na tano limekaa pale linangoja safari."

Dilshada alimrukia mama yake shingoni, maana kumbe hilo ndilo alilolitaka siku zote, ila hakuna aliyemuuliza. Samad alisema anakwenda kufuta alama yake, na watu wakaanza kudai wali, kwa kuwa sufuria limekwisha kutolewa.

Fazi bado alikuwa amesimama, dole gumba hewani, hajui alipeleke wapi. Akauendea ukuta, akamvuta wifi yake kwa kilemba, akalitia dole lile katikati ya shavu lake, kwa nguvu, kama mbele ya ofisa. Maji ya jozi hayatoki kwa sabuni wala kwa mchanga, hutoka yakipenda. Mwezi mmoja baadaye, kwenye arusi ya bintiye, Mughli alicheza na alama ile shavuni, na kila aliyemuuliza alimwambia ni ruhusa ya ofisi.